Namba Nane ya Kiwanda

Jumatatu, 2 Juni 1997

Mvua tangu alfajiri. Mazoezi ya timu yetu ya besiboli chini ya paa la ghala la beringi. Kurusha na kudaka tu, hakuna kukimbia. Goti langu la kulia lilijua habari ya mvua kabla ya redio.

Bwana Ogata, kocha mkuu, kaniita pembeni, mimi mwalimu wa walinzi. Mchujo wa kwenda mashindano ya Tokyo unaanza tarehe ishirini na mbili, anataka majina. Nani atasimama kati, kule nje? Nikamwambia, swali gani hilo? Sugimoto! Miaka kumi na tano namba nane, ya mlinzi wa kati, ni yake. Ogata hakucheka. Alisema nisimjibu kwa moyo, nimjibu kwa macho. Halafu akalitaja jina la Nishida.

Nishida! Miaka kumi na tisa, mwaka wa pili tu kwenye chumba cha mashine. Mbio anazo, sibishi. Kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Lakini mlinzi wa kati si mbio tu. Wa kati ndiye mwenye nyumba kule nje. Akiita "Yangu!" wa kushoto na wa kulia wanampisha, hata kama mpira uko puani mwao. Nishida hata mchuzi wa soya mezani anaogopa kuomba asogezewe.

Jumatano, 4 Juni

Jua. Nilisimama pangu, nyuma ya kituo cha pili, mgongo kwa mpigaji na uso kwa walinzi. Wageni hucheka — mzee kapotea njia! Wacheke. Mpira kila mtu anauona. Mimi naangalia miguu. Rungu la chuma la mpigaji likilia, mguu wa kwanza umeondoka lini? Umeelekea wapi? Hapo ndipo ulinzi ulipo. Mengine ni mapambo.

Leo Sugimoto aliruka. Alijitupa mzimamzima, mkono umenyooka, akaudaka mpira vidole viwili juu ya majani. Benchi zima lilisimama. Wafanyakazi waliokuwa wanakula kando ya uzio walipiga kelele, vijiti vya kulia bado mkononi. Bando, mrushaji wetu mropokaji, akasema, "Jamani, huyu anazeeka kinyumenyume!"

Mimi nilitazama miguu. Mpira ule, miaka mitano iliyopita, angeusubiri amesimama huku anapiga miayo. Leo mguu wa kwanza ulichelewa. Tena ulikwenda upande usio wake, ndipo ukarudi. Karuka kwa sababu kachelewa! Mlinzi mzuri haruki ovyo. Kazuyo, mkewe, alikuwa akijisifu kwamba yeye ndiye mke wa mchezaji mwenye nguo chache za kufua mji mzima.

Labda hakulala vizuri. Labda ni jua.

Ijumaa, 6 Juni

Si jua.

Nimepiga mwenyewe mipira arobaini kwa kila mmoja. Sugimoto kachelewa ishirini na sita. Nishida — minne. Minne! Nilihesabu mara tatu nikitafuta kosa langu.

Kwenye mpira wa thelathini hivi, Sugimoto alipaza sauti: "Mwalimu, leo unanitafutia nini? Nimekukosea?" Kwa utani. Sauti tu ndiyo ilikuwa ya utani.

Kisha nikawaweka wote wawili, Nishida kati, Sugimoto kushoto, nikapiga mpira wa juu katikati yao. Nishida alifika wa kwanza. Alikuwa chini yake kabisa! Akamwona Sugimoto anakuja, akasimama, akainamisha kichwa. Mpira ukaanguka baina yao, pu! Nikamuuliza mbona hakuita.

"Kaka Sugimoto alikuwa karibu, Mwalimu."

"Kaka! Kule nje hakuna kaka! Hata angekuwa babu yako, mwite aondoke!"

Akainama tena, mpaka kofia ikamdondoka. Wote wakaangua kicheko. Jioni kwenye bafu la kiwanda nilimwona anamsugua Sugimoto mgongo, kama desturi ya wadogo. Anambebea begi. Anampikia chai. Mtu huyo ndiye ninayetaka amfokee mkubwa wake mbele ya watu elfu tatu.

Jumapili, 8 Juni

Kazuyo kaja na chupa ya plamu za chumvi, za kwanza mwaka huu. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wao, kwa hiyo ananiita Baba mpaka leo. Kaketi kwa adabu, magoti pamoja. Kasema mume wake siku hizi anarudi na tope kifuani na anaimba akiwa bafuni. Anaona ujana umemrudia. "Tunakushukuru sana, Baba, kwa kumtunza."

Hakuomba kitu. Angeomba ningekasirika, na ingekuwa afadhali.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia Ogata. Nishida.

Akasema vyema, basi Sugimoto akae benchi, na mwisho wa msimu arudishe jezi aende kitengo cha kusaga vyuma. Kasema hivyo anakunywa chai! Mtu aliyeingia hapa na miaka kumi na minane, nikamfundisha mwenyewe kusikiliza mlio wa rungu. Sikuweza. Nilimsihi. Nikasema rungu lake bado hai, bado anapiga, mweke kushoto.

Ogata akaweka kikombe chini. "Utamweka mkubwa chini ya amri ya mdogo? Huyo kijana atathubutu?"

Nikasema nitamfundisha.

"Mpaka tarehe ishirini na mbili?"

Nitamfundisha, nikasema. Najua mwenyewe nilichokuwa nafanya. Nilikuwa natafuta namna ya kula plamu za watu bila kuona haya.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya namba. Ogata alikuwa mwalimu wa shule, katuletea desturi ya shule: wote wanapanga mstari, jina linaitwa, unatoka, unainama, unapokea kitambaa cha namba kwa mikono miwili, unakwenda nacho nyumbani kikashonwe.

"Namba saba. Sugimoto."

Saba, ya kushoto. Alikuwa ameshainua mguu, kwa mazoea, kusubiri nane. Akaenda. Akainama. Akapokea.

"Namba nane. Nishida."

Kijana alitoka amepauka kama mtu anayeitwa polisi.

Baadaye Sugimoto kanifuata kwenye ghala. Nilijiandaa. Nilitaka anitukane, naapa nilitaka! Kainama tu: "Asante kwa kunitunza miaka yote hii, Mwalimu." Akaondoka. Nimeketi juu ya kreti la mipira hadi mlinzi wa lango akaja kuuliza kama naumwa.

Jumatatu, 16 Juni

Mazoezi ya kuita. Sugimoto mwenyewe ndiye anayemfundisha, hebu fikiria! "Nifokee! Nitukane ukipenda!" Nikapiga mpira juu. Nishida akakimbia, akajaza kifua pumzi, akapiga ukelele:

"Yangu, tafadhali!"

Bando alilala chini kwa kucheka. Sugimoto naye alicheka mpaka akashika magoti. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Hiyo "tafadhali" ikimtoka, tumepona.

Jumapili, 22 Juni

Tumeshinda nne kwa moja. Nishida kadaka mipira saba, yote amesimama, glavu kifuani. Nguo safi. Jukwaani kimya. Mzee mmoja wa kitengo cha ufungaji nyuma yangu: "Enzi za Sugi tungeona mtu anaruka." Mpumbavu! Nilitamani kumgeukia. Mpira mmoja ulikwenda baina yao na Sugimoto alimpisha vizuri.

Kijana aliita kwa sauti ndogo. Lakini aliita.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika kidogo.

Awamu ya nane kati ya tisa. Tunaongoza kwa moja. Mpira wa juu, baina ya kati na kushoto. Nilikuwa benchi, lakini macho yangu yalikuwa kwa walinzi kama siku zote, si kwa mpigaji, kwa hiyo niliona kila kitu. Kila kitu! Nishida aliondoka rungu halijamaliza kulia. Mpira ni wake, hata kipofu angesema. Sugimoto kachelewa, kisha kaja — kwa kasi ambayo sijaiona miguuni mwake miaka mitatu. Niliona mdomo wa Nishida unafunguka. Sikusikia sauti. Matarumbeta ya washangiliaji, ngoma, watu elfu tatu.

Goti la Sugimoto liliingia usoni mwa kijana.

Na mpira ulikuwa ndani ya glavu ya Sugimoto. Watu walisimama wakashangilia! Waliendelea kushangilia na mtoto wa watu amelala kifudifudi, mpaka Bando alipotupa kofia chini na kuwapungia mikono wanyamaze.

Tumeshinda. Fainali Jumamosi ijayo.

Jumapili, 29 Juni

Hospitali. Mfupa wa chini ya jicho la kushoto umevunjika vipande. Mama yake kaja kwa treni kutoka mashambani, nguo zake nzuri, mikono ya mkulima. Akainama mbele yangu kwenye korido mpaka kichwa kikakaribia magoti. "Samahani sana, mwanangu amewasumbua." Kutusumbua! Nilikosa pa kuweka uso.

Nishida anaongea kwa taabu. Kampuni inataka taarifa ya ajali, nikamuuliza: uliita?

"Sikuita, Mwalimu. Andika sikuita. Kosa ni langu."

Nikaandika. Mlinzi wa kati hakuita. Nikatia saini. Nilidhani ndio ukweli, na nilimkasirikia. Wiki mbili nimefokea nini pale uwanjani? Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu njia nzima.

Jumanne, 1 Julai

Daktari kasema jicho litaona mwanga. Mwanga tu. Miaka kumi na tisa.

Nilipotoka chumbani Sugimoto alikuwa kwenye korido, amesimama ukutani, bado kavaa nguo za kazi. Hakuwa ameingia. Nadhani alikuja hata jana na juzi asiingie. Nikaanza kumfariji, mjinga mimi. Nikasema usijilaumu, kijana hakuita, mwenyewe kakiri.

"Aliita," akasema.

Nikasema nini?

"Aliita, Mwalimu. 'Yangu!' Tena bila tafadhali. Niliisikia kama nakusikia wewe sasa." Hakuniangalia. "Nikasema moyoni, huu mmoja tu. Nipeni huu mmoja tu."

Muuguzi akapita na kitoroli, tukampisha, wote wawili tukamwinamia.

Kisha akasema nimwambie Ogata. Akatembea hatua chache, akasimama. "Au usimwambie. Utakavyoona wewe." Akaenda zake.

Nitakavyoona mimi! Laana gani hii? Kaniachia mzigo kama mtu anayeacha mwavuli wa watu mlangoni. Na kijana kule ndani anamkinga kaka yake kwa nusu ya uso iliyobaki, na mama yake anawamenyea wagonjwa wengine matunda. Nilitaka kumkimbilia Sugimoto nimpige. Nilitaka kumkumbatia pia, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Kwani nani aliyemweka kushoto? Ogata aliniambia. Aliniambia wazi, anakunywa chai.

Ijumaa, 4 Julai

Ogata kaniita. Taarifa yangu iko mezani kwake. Kasema kampuni imeridhika: ajali ya mchezo, kosa la mawasiliano, kijana hakuita. Watamlipia matibabu na kumpa kazi ya ofisini. Halafu: kesho nani asimame kati? Aliyebaki ni mdakaji wa akiba, wa kuchutama nyuma ya mpigaji, hajawahi kufukuzia mpira wa juu maishani mwake. Mabasi kumi na manne ya wafanyakazi yamekodiwa.

"Sugimoto tu," akasema. "Au una neno?"

Nilikuwa nalo. Nililifikisha mpaka kwenye meno.

Nikasema sina.

Akanipa kitambaa cha namba nane nimpelekee Sugimoto. Kimefuliwa, kimepigwa pasi, lakini pembeni kuna alama ya kahawia ambayo sabuni haikuiondoa. Kazuyo alikipokea mlangoni kwa mikono miwili. Hakuniita Baba. Anajua. Kaniambia tu atakishona sasa hivi, akafunga mlango polepole.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika kwenye benchi. Mvua imesimamisha mchezo, awamu ya saba, mbili kwa mbili. Turubai limefunika kituo cha kurushia. Bando ananiuliza kama naandika wosia.  

Sugimoto karuka mara mbili leo. Mara zote kadaka. Jukwaa linaimba jina lake tangu awamu ya tatu, mabasi kumi na manne ya watu, na mvua hii hawaondoki. Mara ya pili alipoinuka hakuwapungia mkono. Alitazama kushoto, pale anaposimama sasa mdakaji wa akiba, kama mtu aliyesikia anaitwa. Yule hakuwa ameita. Alikuwa mbali, anafuta maji usoni.

Hospitalini wamewasha redio kitandani kwa Nishida. Mama yake kapiga simu asubuhi kwenye ofisi ya uwanja: mwanangu anasema mwambieni Kaka akazane. Ujumbe huo nilipewa mimi. Ninao mfukoni. Sijaufikisha.

Mwamuzi ametoka. Anakanyagakanyaga majani. Wanakunja turubai.

Wenzake wameshatoka wote. Sugimoto hajatoka. Amesimama mbele yangu, maji yanamdondoka kwenye kofia yanalowesha ukurasa huu. Anasema kwa sauti ndogo, wengine wasisikie:

"Mwalimu. Niende?"

Ogata anatutazama. Watu wanaliita jina lake. Ananiuliza mara ya pili, na mimi bado naandika —