Hati Iliyolala Ghalani

Nyumbani, nyumba ya pili kutoka ghala la ushirika,
Jumapili, 14 Februari.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Wifi hajambo? Na mapacha wenu, bado wanagombania kijiko kimoja? Huku tu wazima. Mama magoti yanamuuma asubuhi, jua likipanda yanapona, akiona sufuria chafu yanauma tena. Baba kwa mwili hajambo. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika, maana kwenye simu huwa unanikatisha ukisema salio linaisha.

Nianze na mahindi. Mwaka huu hatukumuuzia mlanguzi. Unajua ilivyokuwa siku zote: tukivuna tu, huyo anakuja na mizani yake ya kupunja na bei ya kutupa, nasi tunauza kwa sababu deni la mbolea halingoji. Miezi mitatu baadaye tunanunua mahindi yale yale kwa bei mara mbili. Safari hii ushirika umefungua ghala. Unapeleka mahindi, yanapimwa uzito na unyevu, unapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo unaipeleka benki, wanakukopesha, unalipa mbolea na unakula huku mahindi yanangoja bei nzuri. Yakiuzwa, benki inakata chake, kinachobaki ni chako. Mimi ndiye niliyemshawishi baba, tena kwa wiki tatu, mpaka akaniambia nimemtoboa masikio.

Sasa kaka, usikasirike. Ile simu yako ya mwezi wa nane, uliposema hati ya shamba ipelekwe benki upate mkopo wa kufungua gereji, ilimkaa baba vibaya. Najua hukuwa na nia mbaya. Najua kodi mnayolipa huko, na kwamba mwajiri wako anakulipa mshahara vipande vipande. Lakini baba siku ile hakula, na kesho yake akaanza kuihamisha hati kama paka anavyohamisha watoto wake. Mara darini, mara chini ya mtungi, mara ndani ya buti lake la shamba. Mama alikuwa akiikuta kila mahali, anaipangusa vumbi na kuirudisha.

Siku tulipokuwa tunafunga magunia ishirini na mawili ya kupeleka ghalani, tukapata habari kuwa afisa mikopo wa benki atapita nyumbani. Baba akaona hakuna tena pa kuificha hati ndani ya nyumba hii. Akaifunga kwa nailoni nyeusi, akaizungushia uzi mwekundu, akaitumbukiza katikati ya gunia moja na kulishona kwa uzi ule ule. Hakumwambia mtu. Kwa akili yake ghala ni kama sanduku: ulichoweka ndicho utakachotoa.

Na afisa mwenyewe wala hakuiulizia hati. Ni binti mdogo kuliko mimi, anakuja kwa pikipiki, kofia imemzidi kichwa. Alitazama shamba, akanywa maji, akatueleza kwamba dhamana ya mkopo huu ni mahindi yenyewe, akaenda zake. Baba siku hiyo alikuwa na tabasamu la mtu aliyemponyoka mwizi.

Wiki iliyopita bei ikapanda, ushirika ukapata mnunuzi mwenye kiwanda cha unga, lori likaja. Baba akavaa koti na kwenda ghalani kudai gunia lake lenye uzi mwekundu. Mtunza ghala akamweleza kwa upole kwamba mambo hayako hivyo. Mahindi yakifika humwagwa kwenye turubai, hupepetwa, huchanganywa na ya wengine yaliyo sawa kwa ubora, kisha hutiwa kwenye magunia ya ghala. Baba hana gunia pale, ana kilo. Mzee wako akajibu kuwa yeye hakulima kilo. Kisha akapanda juu ya mizani ile kubwa, akaketi, akakataa kushuka.

Alikaa hapo tangu saa tatu hadi saa saba. Hakuna gunia lililopimwa. Dereva wa lori alipiga honi mpaka akachoka, wenye mahindi wakanung'unika kwamba uzee umemzidi, na mmoja akasoma uzito wake kwa sauti, watu wakacheka. Nilipoitwa nilikwenda na hasira zangu, nia yangu ni kumkokota mkono mpaka nyumbani. Nilipomkaribia akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Hati imo ndani ya gunia," akaninong'oneza. "Lori likiondoka, hatuna shamba."

Unajua jirani wa bondeni anavyousogeza mpaka kila msimu. Akisikia hatuna karatasi, atausogeza mpaka mlangoni. Na mahindi ya ghala zima yalikuwa yakingoja kupakiwa, sikujua hata pa kuanzia.

Nikamwambia baba asishuke, nami nikakimbilia kwa akina mama wanaopepeta. Mkubwa wao tunamwita Mama Ungo. Nikamuuliza kama waliwahi kukuta kifurushi cheusi chenye uzi mwekundu. Kumbe walikikuta wiki ya kwanza kabisa, wakadhani ni dawa, mtu kayazindika mahindi yake yasiibwe. Nani akifungue? Na kukitupa nako waliogopa. Wakakiweka juu kabisa ya rundo la magunia, na kila rundo lilipohamishwa walikihamisha nalo kwa ncha ya ufagio. Mama Ungo aliniapia kwamba tangu kikae pale hawajaona panya wala fukusi, akaniomba nikiache mpaka mahindi yaishe.

Nilipanda mwenyewe kukichukua. Nikakifungua mbele ya baba, nikamsomea jina lake, jina la babu, namba ya shamba na ukubwa wake. Akanishikilia begani, akashuka. Watu wakaendelea kupima.

Njiani nilimgombeza, nakiri. Nilimwambia benki haikuitaka hati yake hata siku moja, sasa kwa nini atuaibishe mbele ya ushirika mzima. Akasimama.

"Sikuwa naificha benki," akasema. "Nilikuwa namficha mwanangu. Akiniomba tena, sitaweza kumnyima."

Halafu akanisimulia jambo ambalo sidhani kama amewahi kukusimulia. Lile shamba la jirani wa bondeni lilikuwa letu. Babu alikopa mbolea dukani akaliweka rehani, mvua ikakata, mwenye duka akaja kulichukua. Siku ya kulipima walimpa baba ncha ya kamba aishike. Alikuwa na miaka tisa. Akakimbia nayo mpaka kwenye jiwe la mpaka, akifurahi kwamba wakubwa wamempa kazi, na babu amesimama anamtazama. Miaka yote hii amebeba jambo hilo peke yake. Nililia pale pale njiani, sikujali nani anapita.

Mahindi yameuzwa vizuri. Benki imechukua chake na riba yake, mbolea imelipwa, mbegu ipo. Fungu lako nimekutumia kwenye simu. Gereji halifungui, ila spana na jeki linanunua, na fundi mwenye spana zake si sawa na fundi wa kuazima. Nimemuuliza pia yule binti wa benki, akasema ipo mikopo ambayo dhamana yake ni vifaa vyenyewe, kama ilivyokuwa kwa mahindi yetu. Ulizia huko kabla ya kukata tamaa.

Baba ameniagiza nikuandikie kwamba hati imepotea ghalani, imesagwa unga pamoja na mahindi. Nimekuandikia ukweli, kwa sababu nimechoka kuona watu wawili ninaowapenda wakiogopana. Ilipo sasa usiniulize.

Mama anakusalimu sana, anasema ufunge kifua asubuhi. Mama mdogo naye anasema hajasahau kuku wake uliyemgonga kwa baiskeli. Nisalimie wifi, wabusu mapacha, waambie shangazi yao amewawekea njugu. Mungu awafungulie riziki isiyo na majuto, na awarudishe salama siku mtakayorudi.

Ukijibu, kaka, usioneshe kwamba unajua. Mpe baba pole ya kupotelewa na hati. Mwambie shamba ni lake na wewe hutamwomba tena. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea, na neno hilo ningeweza kulitunga mwenyewe asijue. Sitaki. Nataka nilikute limeandikwa kwa mkono wako.

Mdogo wako akupendaye, hata ukininunia,
Chiriku