Nimekulaza Pakavu

Ba'mdogo,

Shikamoo. Najua hutaitika. Hata ulipokuwa na pumzi zako, marahaba yako ilikuwa inatokea puani huku macho yako kwenye simu. Basi nitahesabu umeitika, tuendelee.

Ni mimi, Redio. Jina ulinipa wewe nikiwa bado navaa kaptula ya shule, kwa sababu nilikuwa sinyamazi. Ukipita kijiweni unasema, "Redio, zima!" na wenzangu wote wanacheka. Sasa nakuarifu: redio haijazimwa. Imefungua ofisi. Iko ng'ambo ya barabara hapa hapa Mapinga, inatazamana na ofisi yako, na kibao changu kikubwa kuliko chako. Nimeandika VIWANJA VIKAVU kwa rangi nyekundu, makusudi, ili mwanao Kassim akifungua mlango asubuhi akione kabla hajanywa chai.

Inauma? Vizuri. Ndiyo kwanza naanza.

Tuanzie kwenye lile kofi. Unalikumbuka, usijifanye maiti. Wale mke na mume wa Dar, wenye gari jeupe, mke ana mimba. Kiangazi kilikuwa kimekausha nchi, na lile bonde lako linapendeza kama uwanja wa mpira. Umelikata viwanja, umepigilia vigingi, unawaambia, "Hapa hata mvua ikija inapita kwa adabu." Kazi yangu siku ile ilikuwa kushika kamba ya kupimia na kufunga mdomo. Kamba nilishika. Nikaona ganda la konokono kwenye nyasi. Nikaona la pili. Nikaona mstari wa tope kwenye shina la mnazi, unanifika kiunoni. Na mimi nikiona kitu siwezi kukiona peke yangu, unanijua, lazima kitoke. Nikamwambia yule mama, "Dada, hapa masika utapika umesimama juu ya kitanda."

Ukanipiga mbele ya wageni. Ukasema, "Kichwa chako kibovu. Mdomo huu utakufukarisha. Toka kwenye biashara yangu." Wale wageni wakanionea huruma ile ya kumwonea kichaa wa mtaani, na kiwanja wakanunua. Nikarudi kwa bibi kwa mguu, kandambili moja nimeiacha kwenye bonde lako. Mpaka leo sijui iko wapi. Labda imeelea mpaka Kaole.

Halafu ukaenda kufa masika yaliyofuata, ghafla, asubuhi, kabla sijapata nafasi ya kukujibu. Hiyo nayo nakudai.

Siku ya kukuzika mvua ilikuwa imepumzika kidogo tu. Walianza kuchimba pale chini karibu na barabara, eti wageni wako wa Dar wasichafue viatu. Nikatazama nyasi. Konokono. Nikasema, "Hapa mtamzika marehemu kisimani." Kassim akanikazia macho, "Redio, leo msiba. Zima." Sikubishana. Nilichukua jembe, nikapanda juu kwenye vichuguu, maana mchwa hajengi nyumba kwenye maji, nikaanza kuchimba peke yangu. Usijidanganye. Nilichimba kwa hasira. Nilitaka niwe sahihi mbele ya watu wote uliowaambia mimi mbovu, na wewe uwepo, hata kama umelala. Shimo lao halijafika kiunoni likaanza kutoa maji. Wakapanda huko juu mmoja mmoja, majembe begani, hakuna anayenitazama usoni. Tukamalizia pamoja. Mwanandani wako, pale tulipokulaza, ulikuwa mkavu kama unga.

Tulipokwisha kufukia, Kassim akasimama kusema yale yanayosemwa. Marehemu alikuwa binadamu, kama kuna aliyemkosea amsamehe. Watu wote wakaitika, "Tumemsamehe." Mdomo wangu, ambao haujawahi kufungwa na mwalimu, wala na wewe, wala na usingizi, ukajifunga. Nilikuwa nimesimama karibu na Kassim, akaona. Akaninong'oneza, "Na wewe, Redio?"

Nikasema, "Bado."

Sikunong'ona, Ba'mdogo. Mimi sijui kunong'ona. Makaburi yote yalisikia. Mzee mmoja akasema astaghfirullah, na bibi yangu hakunipa chakula siku ile. Ningefanyaje? Mtu ambaye hawezi kusema bonde ni kavu hawezi kusema amesamehe. Ni mdomo ule ule.

Baada ya hapo nani angenipa kazi? Aliyemwaibisha maiti. Nikafungua ya kwangu, na mwanzoni, nakiri kwako tu, usiniringie, nilikuwa naiharibu mwenyewe. Nilimwacha mteja katikati ya pori kwa sababu niliona kichuguu kwa mbali nikakifuata mpaka kwenye mji wa watu, wakanipa muhogo, nikakaa. Nilimwambia binti mmoja, mbele ya mchumba wake, kwamba huyu bwana kiwanja hakitaki, anatafuta njia ya kukukimbia. Ilikuwa kweli, lakini mauzo yalikufa. Mikataba nikisoma mstari wa pili, wa kwanza umeshatoroka. Wenye mashamba wananikimbia, maana nikipelekwa kuuza cha mtu naanza na kasoro zake.

Wa kwanza kuja kwa hiari yake alikuwa yule mama wa gari jeupe. Alikuja kwa bodaboda, mtoto mgongoni, miguu ina tope. Hakuniita kichaa. Alisema tu, "Ile ya kitanda ulijuaje?" Nikamtembeza kwenye mvua mpaka akapata chumba cha kupanga kwanza, kwenye mwinuko, na yeye akawaambia wenzake kazini Dar: kuna kijana Mapinga, ana wazimu, lakini hadanganyi. Tangu hapo wanakuja. Na mimi kiwanja nakionyesha masika tu. Kiangazi nafunga, nakula ubuyu.

Mmoja wao, mwalimu, alinitazama ninavyozunguka, ninavyochezesha vidole, ninavyosahau swali lake nikarudi na jibu la swali ambalo hajauliza. Akasema wapo wengi wenye ubongo wa namna hii, si wazimu wala si ujinga, na una jina lake. Refu, la Kizungu. Nilikuwa nimeshalisahau kabla hajalimaliza. Lakini jina lake si "kibovu." Hilo nililishika.

Sasa kaa vizuri hapo ulipo. Mkeo anafanya kazi kwangu.

Ndiyo, Mama mdogo. Alipotoka eda alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni, akaninyang'anya simu. "Wewe huna wazimu," alisema, "huna saa." Sasa saa ni yeye. Ananiamsha, ananisomea mikataba kwa sauti mstari mmoja mmoja, na nikianza kumwambia mteja habari za mchumba wake anakohoa. Kikohozi kile kimeokoa ndoa nyingi. Wewe uliishi naye miaka yote hiyo ukadhani anajua kupika tu!

Na ni yeye aliyenipa gambuti.

Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka huu. Kassim alipata mnunuzi wa bonde lote lililobaki, mama mmoja wa Dar, mwenye pesa nzito. Kassim akaja ofisini kwangu na soda mbili, mara ya kwanza kunisalimia tangu makaburini. "Ndugu yangu, nyamaza siku moja tu. Nikiuza, tunaunganisha ofisi, kibao kimoja. Na umsamehe baba, watu wanasema." Nikamwambia sawa, siku hiyo sitasema neno. Jioni nikamsimulia Mama mdogo. Hakukohoa. Aliingia ndani akatoka na gambuti nyeusi, tope limekaukia hadi juu ya shingo ya buti. "Za ba'mdogo wako," alisema. "Alikuwa anazivaa masika kwenda kuangalia kama vigingi vyake havijachukuliwa na maji."



Unajua muda wote ule nilikuwa nadhani nini? Nilidhani hukuona. Nilijiambia, Ba'mdogo hana macho yangu, konokono kwake ni konokono tu, alinipiga kwa kutojua. Nilikuwa nakaribia, wallahi. Nilikuwa nakaribia kabisa kuja kusema lile neno. Kumbe uliona. Maji uliyapima kwa miguu yako mwenyewe, ukarudi nyumbani ukazificha gambuti, ukanipiga kwa kusema unachokijua. Na yule mama wa gari jeupe alikuwa na mimba, Ba'mdogo.

Basi sikuvunja ahadi. Siku ya mnunuzi sikusema neno. Nilivaa tu gambuti zako, jua linachoma, ardhi imepasuka, nikaenda kusimama katikati ya bonde. Kassim anaeleza, jasho linamtoka. Yule mama akanitazama. Akatazama gambuti. Akatazama lile tope mpaka juu. "Kijana, mbona umevaa hivyo?" Nikaingiza mkono mfukoni, nikammiminia maganda ya konokono kiganjani mwake, nikarudi mahali pangu. Aliyatazama kwa muda, akamgeukia mwanao, akasema, "Nitakupigia." Wewe na mimi tunajua maana ya nitakupigia. Ndiyo siku pekee redio ilizimwa, na ndiyo siku iliyosikika mbali.

Kassim hanisalimii tena. Bonde halinunuliwi, jina lako limebaki kwenye vigingi, na vyura wanavikalia. Mama mdogo anasema tupande mpunga, kama alivyokuwa akifanya babu kabla hujapata akili za mjini. Tutaona.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimekuja makaburini nimevaa gambuti zako, zinanibana kidogo kwenye vidole, ulikuwa na miguu midogo kwa mtu mwenye makofi makubwa. Lile shimo la chini, walimotaka kukuweka, limejaa. Mbuzi angezama. Nikapanda kwako. Nikachuchumaa, nikaweka kiganja kando ya kaburi. Udongo umelowa juu tu, kama ulivyo udongo wowote. Chini umeshikana. Uko pakavu, Ba'mdogo. Bora kuliko wateja wako wote.

Nilikuja kujaribu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Nimeku," ukagoma hapo. Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi, ukagoma. Basi sikudanganyi. Ungewahi kunifundisha kudanganya ungekuwa umeshasamehewa zamani, pamoja na wale wote walioitika bila kufikiri.

Ahadi yangu ni hii. Kila masika nitakuja na gambuti zako nikupime maji. Yakikaribia nitachimba mfereji kwa mikono hii, hata Kassim akinifukuza. Na siku lile neno likikubali kutoka, nitalisema papa hapa, kwa sauti, wasikie hadi barabarani, na wewe utajua ni la kweli kwa sababu unajua limetoka kwenye mdomo gani.

Mpaka siku hiyo lala pakavu. Kiwanja nimekupa mimi, na udalali sikuchukua.

Redio