Nani Atanguruma Sasa, Boni?

Boni, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani Gungu. Gitaa liko ukutani, waya wa tatu umelegea vilevile ulivyouacha. Najua ungeanza na hilo, ndiyo maana nimelitanguliza.

Mwaka umetimia tangu tukuzike. Shemeji, mkeo, hajambo, ameanza kucheka tena, hasa akiniona mimi. Ile spika uliyokuwa ukiificha uvunguni ameitoa, anaiwekea televisheni juu. Hamisi bado yuko Ujiji na dramu zake, na bado anawaambia wenzake wa msikitini kwamba kupigia bendi ya walokole si neno, maana maneno yetu hayasikiki. Basi Radi, bendi pekee ya Kikristo mkoa mzima inayopiga metali, ule muziki wa gitaa kali na kunguruma, imebaki na mpiga dramu asiyesali nasi na mimi, mpiga gitaa nisiyejua gitaa.

Nilikuwa nimeamua tuifunge. Tumerekodi albamu moja, tumefika Tabora kwa treni, wenyeji wakatuuliza kwaya yetu inavaa sare ya rangi gani. Inatosha, nilijiambia. Bila wewe wa kunguruma, tutampigia nani?

Unaikumbuka siku ya kwanza kanisani? Ulipotoa ule mngurumo, Mama Furaha, yule muuza dagaa wa Kibirizi, akajua pepo limekupanda. Akavua viatu, akaja mbele na kina mama wenzake, wakakushika kichwa. "Toka! Toka ndani ya mtoto wa watu!" Wewe badala ya kunyamaza ukazidisha. Nao wakazidisha. Mimi nikaongeza kasi, si kwa ujasiri, nilitaka tu wimbo uishe kabla hawajanifikia mimi. Ubeti wa mwisho uliumalizia umelazwa sakafuni, maiki mdomoni. Mama Furaha akajifuta jasho: "Limetoka." Kumbe wimbo ndio ulikuwa umeisha.

Ndipo ukaanzisha ule utaratibu wetu: kabla ya kila wimbo tunagawa karatasi, mimi nasoma maneno polepole kama matangazo ya ibada, watu wanaona ni sala, halafu wewe unanguruma. Mama Furaha hakukosa karatasi hata siku moja. Nilidhani anafungia dagaa.

Jumapili iliyopita ilikuwa ibada ya kukukumbuka. Mchungaji akaomba wimbo mmoja. Nikamwambia Hamisi, tunapiga huu, halafu basi. Akauliza, "Nani atanguruma?" Nikasema, mimi. Akaniangalia kama anayemtazama mgonjwa.

Nikasoma: "Bwana, nilipozama ulinishika mkono, nitapaza sauti mpaka ng'ambo ya ziwa wasikie." Tukaanza. Nikafungua kinywa. Boni, ilitoka sauti ya mbuzi aliyefungiwa nje kwenye mvua. Nikajaribu tena, nikajikuta nageuka kukutafuta. Hukuwepo. Nikarudi hatua moja kutoka kwenye maiki. Hamisi hakuacha kupiga, unamjua.

Mara namwona Mama Furaha anavua viatu. Nikajua leo ni zamu yangu. Akaja, kweli akaniwekea mkono kichwani, lakini ule mwingine ukachukua maiki. Ile sauti inayoita mitumbwi pale Kibirizi, Boni! Akanguruma ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila karatasi. Pale ulipokuwa ukivuta pumzi, naye akavuta. Shemeji alisimama, analia na kucheka kwa pamoja. Mchungaji akawa anatikisa kichwa kwa mdundo, alipoona namtazama akajifanya anatafuta miwani.

Baadaye nikamuuliza Mama Furaha alijifunza lini.

"Miaka yote hiyo mnanipa karatasi, ulidhani nafungia dagaa?"

Nikaanza kuzikusanya karatasi.

"Mazoezi saa ngapi? Nisije nikawa bado sokoni."

Nilikuwa na hotuba nzima ya kufunga bendi. Nikajikuta nasema, "Alhamisi, saa kumi."

Alhamisi ni kesho, Boni. Hatakuwa wewe, na mimi bado nitageuka kukutafuta kila wimbo ukianza. Lakini tutapiga. Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi mawili: Radi haifungwi mimi nikiwa na vidole, na kabla ya saa kumi kesho waya wa tatu utakuwa umekazwa.

Hilo la pili usilitegemee sana.

Ni mimi,
Gideoni