Kiti cha Kuoshwa Miguu

Mdogo wangu Imelda,

Tumsifu Yesu Kristo! Hujambo wewe, wajukuu hawajambo, na migomba yangu unaipalilia au umeshawaachia mbuzi? Mimi huku Brussels nadunda. Baridi yenyewe ikiniona inavuka barabara. Sisi Wahaya hatujisifu, unajua, tunatoa taarifa tu.

Sasa sikia. Hapa Saint-Josse tuna misa yetu ya Waafrika, na kila Alhamisi Kuu padri anachagua watu kumi na wawili awaoshe miguu. Nani anastahili kuliko mimi? Bila sauti yangu ya besi kwaya hii ingekuwa kilio cha paka. Lakini kila mwaka nangoja, kila mwaka ananiruka. Mwaka huu je? Kamchagua Guylain! Mkongomani aliyekuwa analala na chupa yake pale stesheni ya Gare du Nord, kabatizwa juzi tu. Imelda, wivu ulinishika hata ndizi nikazisusa. Nikamtania mbele ya kwaya nzima kwamba akitia mguu kwenye beseni, maji yatageuka bia. Watu wakashika mbavu. Na yeye akacheka, akasema basi papa Laurean, ndivyo Wakongo wanavyomwita baba, aje na glasi. Hapo ndipo aliponiudhi zaidi.

Siku yenyewe, mmoja wa wale waliochaguliwa, mzee Hervé, akakwama kazini. Padri akatazama huku na huku, akaniita mimi. Kitu nilichokililia miaka yote! Nikaganda kwenye benchi. Nikamwambia miguu yangu safi, nimeiosha tangu Bukoba, amwite mwenye vumbi.

Sasa nikwambie wewe peke yako. Tangu nyonga iharibike siwezi kuinama. Kucha zimekuwa za mwewe, nazificha kwenye soksi mbilimbili. Pamela mwanangu nimemdanganya kwamba kila asubuhi nagusa vidole vya miguu. Mimi Laurean nikatwe kucha kama mtoto?

Nani akanyanyuka? Guylain, peku, miguu inachuruzika maji. Siku hizi ana kazi ya kutunza wazee kwenye makao yao, kumbe aliona ninavyotembea. Akapiga magoti mbele yangu, akaninong'oneza kwamba ubishi nibaki nao, nimpe kiatu tu. Nikavuta mguu. Akangoja. Hakulazimisha, hakuondoka. Mwishowe nikauachia. Akaufunika kwa taulo lake asione mtu, padri akaja akamimina maji. Nililia, Imelda. Walioniuliza nimewaambia maji yalikuwa ya baridi.

Jumamosi akaja nyumbani na kikata kucha, akanikata zote. Nikamtolea kopo zima la wale senene, panzi wetu wa kukaanga, uliowatuma, ili tuwe sawa. Akala mmoja kwa heshima, akanirudishia kopo, akasema hii si biashara, papa. Nikalipokea kama mtoto. Mimi!

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Kwanza nilimwonea wivu kwa kile kiti cha kuoshwa miguu. Sasa namwonea wivu kwa yale magoti aliyonipigia. Niombee.

Barua hii usimsomee Rodgers, mdogo wetu ana mdomo. Mwambie tu padri aliniita mbele ya watu wote, maana si uongo. Wasalimie majirani, hata yule aliyeazima jembe langu asilirudishe. Na senene wengine watume. Guylain aliwapenda, alijikaza tu.

Kaka yako mwenye kucha fupi,
Laurean