Majina Yaliyofungia Mandazi

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wewe Mjomba Saidi unayemsomea, shikamoo, na unisamehe mwandiko. Najua utavua miwani uipanguse kwanza, na mama atakuhimiza usome upesi kwa sababu ana chungu jikoni. Goti linaendeleaje, mama? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au alijichua yeye? Na mikorosho imeshatoa maua? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Moyo ndio una jambo, na jambo lenyewe nitalifikia nikishamaliza kuzungukazunguka.

Kazi ninayo palepale Mikocheni, kwenye duka la kuchapa. Watu wanaleta barua za kuomba kazi, kadi za harusi na risala, mimi nachapa kwenye kompyuta namba mbili, printa inatoa. Miezi michache iliyopita kompyuta zilipata virusi. Usishtuke mama, si ugonjwa wa watu. Ni programu mbaya zinazohama kutoka mashine moja kwenda nyingine na kula kazi za watu. Fundi wetu Edga akamshauri tajiri, Bwana Hamadi, tubadilishe mfumo, yaani ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine na kuiambia ifanye nini. Huo mpya, alisema, umeandikwa na watu wa nchi mbalimbali kwa kujitolea, kila mmoja kipande chake, kama msaragambo wa kujenga shule, na yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoshonwa ndani. Tena hauuzwi. Bwana Hamadi aliposikia hauuzwi akataka uwekwe kabla ya adhuhuri, na wa kuanza nao akachaguliwa mimi.

Mama, nilikoma. Siku ya kwanza niliwasha nikakuta kioo cheusi na maandishi meupe yanapanda mbio kama siafu waliomwagiwa majivu ya moto. Mwisho yakatulia, kikabaki kialama kimoja kinapepesa, kikinisubiri niseme. Niseme nini? Ikabidi Edga aniandikie maneno ya kuiamrisha, ukurasa mzima, nikawa nayakariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura. Ukiweka herufi kubwa mahali pa ndogo, inakujibu kwamba haimjui huyo unayemtaja. Kile kipanya cha kusukuma kwa mkono ukikigusa kidogo kinakimbilia pembeni ya kioo na kugoma huko. Saa yake ilikuwa nyuma kwa saa tatu, hivyo ninapojifunga khanga nirudi nyumbani yenyewe inanionyesha jua bado kali.

Printa ndiyo ilinitoa machozi. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri, wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu ukashuka zaidi, mpaka maneno yakaanguka nje ya karatasi. Bwana harusi mmoja aliichukua kadi yake, akaigeuza huku na huku. "Sista," akaniambia, "mie niliomba kadi, hii mbona ngazi ya fundi rangi?" Watu wote dukani walicheka. Na mimi nilicheka, ila kwa ndani nilikuwa nimeshauchukia ule mfumo.

Mjomba, hapa pumzika kidogo, uyasome kwanza kwa macho peke yako. Yanayofuata yanakuhusu wewe kuliko mtu yeyote, na ndiyo yaliyonifanya nizunguke na kipanya na kadi za harusi.

Unayakumbuka madaftari yako sita. Nawezaje kuuliza hivyo, wakati ni mimi ndiye niliyeyasahau? Miaka mitatu ulikaa mkekani mbele ya bibi, yeye anataja, wewe unaandika: nani alimzaa nani kwa upande wa akina mama, nani alivuka Ruvuma akiwa mgongoni, nani alizikwa ng'ambo, Msumbiji, na kaburi lake liko wapi. Bibi alipofariki uliyafunga kwa kitambaa ukaniletea mwenyewe, siku mbili njiani, matope hadi magotini. Ulisema macho yako yanakwisha, na kwamba ukoo wetu unapita kwa wanawake, basi kitabu chake akitengeneze mpwa wa kike. Nilijisikia mkubwa siku ile. Nilichapa kila saa ya chakula mpaka nikamaliza.

Kosa la kwanza ni hili. Mwenye nyumba wangu, Mama Tumu, anapika mandazi ya kuuza barazani. Aliniuliza kama nina makaratasi ya kufungia. Nikayaangalia madaftari yako juu ya kabati, nikajiambia ya nini tena, yote yamo kwenye kompyuta. Nikampa kwa mikono yangu, na kitambaa chako nikakifua nikakifanya cha kufunikia maji. Mjomba, hakuniomba mara mbili.

Kosa la pili lilikuja na ule mfumo mpya. Kitabu chako Edga alikihamisha salama, kila jina mahali pake. Siku niliyotaka kukichapa kwenye karatasi nikakipeleke kwa mfunga jalada, kikatoka ngazi. Jina la bibi lilianzia katikati ya ukurasa na kuishia hewani. Edga akaniambia dawa ya tatizo lile anaijua, nimvumilie hadi Jumatatu. Nilikataa. Nilikuwa nimekuahidi kitabu kwa basi la Jumapili, na kusema kweli nilitaka nionekane mtu wa kutimiza. Nikamwendea Bwana Hamadi nikalalamika, nikalalamika, hadi akaamuru mashine yangu irudishwe mfumo wa zamani siku ileile.

Basi nikakihamishia kitabu chako kwenye flopi, kile kisahani cha kutunzia kazi. Ule mfumo mpya una adabu zake. Ukitia flopi, lazima uuambie uipokee. Ukitaka kuitoa, lazima uuambie uiachie, na hapo ndipo unapomalizia kuandika. Usipofanya hivyo, kazi unayodhani umeiweka huenda ikawa bado iko kichwani mwa mashine, haijafika kwenye flopi. Edga alinifundisha, na lilikuwa kwenye ule ukurasa wa kukariri. Kwa mfumo wa zamani sisi tulikuwa tunachomoa tu. Nikachomoa.

Edga akaniuliza, "Sista, una kopi ya vitu vyako?"

"Ninayo," nikamwonyesha flopi. "We futa tu."

"Una hakika? Hii ikishafutwa hairudi."

"Edga, mie nina haraka."

Akafuta. Alipomaliza kuurudisha mfumo wa zamani nikatia flopi, nikafungua. Ilikuwa tupu. Nikaitoa, nikaipangusa, nikaitia tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupapasa. Kopi ya zamani niliyokuwa nayo kwenye droo ilikuwa imeota ukungu wa Dar es Salaam na haikusomeka. Edga hakunifokea. Aliniuliza tu kama niliiambia iachie kabla sijaichomoa, akatoka nje kuvuta sigara.

Tangu siku hiyo namkumbuka bibi kila asubuhi. Unajua kwamba nilipoondoka nyumbani sikuingia chumbani kwake kumuaga. Gari lilikuwa la alfajiri, nikasema nisimwamshe. Ukaniandikia baadaye kwamba alikuwa macho, ameketi kitandani amejifunga kilemba. Sikukujibu kuhusu hilo, na hukuniuliza tena.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu hapo hapakuwa na mashine ya kusingizia. Ile barua ya kuwaambia kwamba kitabu kiko kwa mfunga jalada niliiandika siku tatu baada ya kukipoteza. Nilikuwa najua. Mama akawatangazia ndugu wote kwamba mwezi wa nane watoto wakitoka jandoni utawasomea majina ya wazee wao kutoka kwenye kitabu changu, kitabu cha Somoe. Kitabu cha Somoe hakipo.

Nilikwenda kwa Mama Tumu siku ileile niliyoikuta flopi tupu, nikakuta limebaki nusu daftari. Mengine yalikwisha kuondoka na mandazi. Alipojua ni nini alikaa chini kwenye kigoda chake, akashika tama, akasema, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Mie ningefungia majani ya mgomba." Wiki mbili nimepita baraza kwa baraza nikiulizia makaratasi. Watoto wa mtaa wakaanza kuniita Dada Makaratasi. Seremala mmoja nilimkuta anakula, mwandiko wako uko mapajani pake, ule wa mwalimu, herufi zimesimama wima. Nilimweleza. Akasema, "Chukua dada, ila andazi niachie."

Nimepata karatasi kumi na moja, mbali na ile nusu daftari. Zimelowa mafuta, maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, lakini ukiziinua kwenye mwanga zinasomeka. Humo tumewapata wazaliwa wa huko nyumbani Newala karibu wote. Waliobaki ng'ambo ya Ruvuma hakuna hata mmoja. Madaftari yao yaliondoka yote.

Naona aibu, Mjomba. Sijui nitakutazamaje. Ulinifundisha kusoma kwa kidole chako chini ya kila neno, na mimi nimekulipa hivi.

Sasa nina ombi. Mama hajui kusoma. Ukitaka, unaweza kuruka kutoka kwenye ile ngazi ya fundi rangi ukaenda moja kwa moja kwenye salamu, acheke, arudi jikoni kwake, na mimi nisijue kamwe kwamba uliruka. Nakufahamu, utataka kunisitiri. Usinisitiri. Miaka ile mitatu bibi alipokuwa anataja, mama alikuwa hapohapo mlangoni anapepeta. Wewe uliyatia kwenye daftari ukayaacha humo, maana mwenye kuandika huruhusiwa kusahau. Yeye hakuwa na pa kuyaacha. Huenda anawajua wale wa ng'ambo mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi niliyetoka tumboni mwake. Lakini hatuwezi kumuuliza bila kumwambia kilichotokea.

Bwana Hamadi amenipa likizo mwezi wa saba. Nitakuja na madaftari mapya na kalamu, si zaidi. Mama atataja, wewe utanisahihisha, mimi nitaandika kwa mkono, na safari hii sitainuka mpaka niruhusiwe. Mkiona sistahili kukigusa tena kitabu hicho, semeni, nitampisha mwingine na nitawachotea maji.

Nisalimie mama mdogo auzaye chumvi sokoni, na kaka yangu anayepulizia mikorosho salfa, mwambie ajifunge kitambaa puani. Msalimie jirani yetu mfinyanzi, na wale watoto watakaokwenda jandoni, usiwaambie kitu kwa sasa.

Karatasi zote nimezitia ndani ya bahasha hii. Nilizianika juani siku nne, nikazitia unga wa sabuni, haikusaidia. Mama atauliza kwa nini barua ya Somoe inanuka mandazi. Mjomba, mwambie.

Ni mimi mwanao, mama, na mpwa wako, Mjomba, nisiye na la kujitetea,

Somoe