Mwende Haendi Tena Uwanjani

Kware, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Mwende,

Naanza kwa kuulizia goti lako, maana uliniambia kwamba kuteremka mtoni kumekuwa shida. Je, unalikanda kama daktari alivyokuonyesha? Na mvua, imefika huko au imepita juu tu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na ndiyo sababu ninaandika badala ya kupiga simu: chumba chetu ni kimoja, na Mwende angesikia.

Mwende hakufaulu mtihani wa urubani. Alikuambia kwamba umeahirishwa. Haukuahirishwa. Ulifanyika wiki tatu zilizopita, na kosa ni langu.

Unajua nilivyofundisha darasani miaka yote: jambo moja, tena na tena, mpaka mtoto aweze kulitenda hata usingizini. Ndivyo nilivyomfanyia binti yetu. Kila alasiri nilipotoka kazini tulipanda juu ya paa la ghorofa hili, yeye akaketi kwenye kiti huku ameshika fimbo kama usukani wa ndege, nami nikasimama nyuma yake. Alitaja hatua za kutua kwa mpangilio: punguza nguvu, shusha vibawa, tazama kasi, kata kushoto penye paa la buluu. Paa hilo ni la kiwanda kilicho karibu na uwanja anaojifunzia, na wanafunzi hulitumia kama alama. Mimi niliweka beseni la buluu mahali pake. Akikosea neno moja, alirudi mwanzo.

Jirani yetu Mama Njeri, muuza mitumba, huanika nguo pale juu. Alitucheka kila siku.

"Mzee, leo mnaenda wapi? Mombasa?"

"Tunatua, Mama Njeri."

"Hapo hapo pa jana? Ai, Mwende, ambia babako akupeleke hata Kisumu. Na msiniangukie blanketi, nimetoka kuifua saa hii."

Mwende alicheka. Nilimwambia aanze upya.

Mwalimu wake wa urubani, mwanamke mwenye adabu sana, alinionya pia. Aliniita uwanjani akasema, "Mzee, hapa ameshapazoea. Saa zilizobaki nataka kumpeleka kwingine, kwenye vumbi na milima, upepo umsumbue kidogo."

"Asiyejua herufi hapewi insha," nikamjibu. "Azunguke hapa hapa mpaka asikosee."

"Herufi anazijua, Mzee. Ni hizo tu anazozijua."

Nilikataa. Mwende alikuwa amesimama kando akitusikia. Kwa kuwa mimi ndiye mlezi niliyetia sahihi, walinisikiliza. Akaenda zile safari chache za lazima za kwenda mbali, asubuhi zenye hewa tulivu, kisha akarudi kwenye mizunguko yangu. Alitua vizuri kuliko wenzake wote. Hata mwalimu alikiri hivyo.

Siku ya mtihani, mtahini alimpeleka mbali, juu ya nyika yenye miiba. Huko akapunguza nguvu za injini, akamwambia, "Injini imezima. Utatua wapi?" Mama Mwende, mtoto alianza kutaja hatua zetu kuanzia ya kwanza. Ndege inashuka, yeye anataja. Mtahini akamwambia achague mahali. Akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Sioni paa la buluu." Mtahini akashika usukani mwenyewe.

Mwende alinisimulia haya bila machozi, kama mtu anayesoma taarifa. Tangu siku hiyo hajaenda uwanjani. Mwalimu wake amepiga simu mara mbili. Yuko tayari kumpeleka viwanja vigeni mpaka hofu imtoke, ila nafasi hiyo haitamngoja baada ya mwezi huu. Mwende hataki. Amepata kibarua katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Kutwa nzima anapanga vipande kwenye katoni. Msimamizi wake alinisimamisha njiani akanisifia kwamba mkono wa binti yangu haukosei hata mara moja.

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Sawa, Baba." Nikamwambia arudi kwa mwalimu. "Sawa, Baba." Asubuhi akavaa aproni akaenda kiwandani. Jibu hilo nililifundisha mimi, na sijui tena lina nini ndani yake.

Goti likikuruhusu, njoo kabla mwezi haujaisha. Usisubiri mavuno. Sikuandikii la kumwambia. Mwambie maneno yako mwenyewe, hata yakiwa ya kunilaumu mbele yake. Yangu ameyakariri yote.

Nisalimie mama mkwe, na dada yako wa kwaya, na kaka yangu mchonga vinyago, ambaye akisikia haya najua atacheka kwanza kisha ataumia. Wakiuliza ni lini mtoto wao atapita juu ya kijiji kwa ndege, usiwaahidi.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende