Macho ya Mkata Vitambaa

Mwenzangu, upo? Kitendawili! Nimekuja kukusaidia, nimekutoa kazini. Usihangaike kutegua, ni binti yangu mwenyewe, yule wa kiwanda cha sare. Amerudi sasa hivi, amekaa sakafuni analia.

Si nilikwambia wamempa kazi ya kuwanoa wenzake? Kila Ijumaa anakaa na mmoja mmoja, anamuuliza, nini kinakukwamisha? Mama mmoja mkata vitambaa akamwambia, "Macho, mwanangu. Mstari wa chaki siuoni tena, nakata kwa kupapasa. Usimwambie mtu."

Usimwambie mtu, mwenzangu! Naye binti yangu akaandika kwenye fomu ya meneja. Aliandika kwa nia njema, "Anahitaji miwani na taa mezani." Alidhani watamnunulia!

Meneja akasoma neno macho, akaishia hapo. Leo asubuhi amemwachisha kazi. Miaka kumi na tisa kwenye meza ile ile!

Binti yangu akamkimbilia getini. "Mama, nisamehe, mimi ndiye niliyeandika." Unajua alijibiwa nini? Yule mama alimshika shavu, akasema, "Najua. Lakini kabla yako hakuna aliyewahi kuniuliza."

Bora angemtukana. Bora angemtukana, mwenzangu!

Ijumaa ijayo ni zamu ya fundi mwingine, msichana wa kushona vifungo. Binti yangu ananiuliza, "Mama, nikishamuuliza, nimwombe asinijibu?"

Nimeinama tu, nikamvua viatu.